Mafundo Nyuma ya Mashine

Siku hizi mtu akiingia chumba cha mashine anakuta kila waya una kibandiko chake, namba yake, rangi yake, mpaka raha. Sie tulianza na rundo. Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara zimefunguliwa, kila aliyetoka shirika la umma anafungua kampuni. Mkurugenzi wetu alikodi nusu ya ghala Mikocheni, kati ya kiwanda cha magodoro na gereji, akaweka seva mbili na modemu kadhaa kwenye rafu ya chuma, akaanza kuuza huduma ya imeili. Nyaya zote zilinunuliwa kwa mkupuo mmoja, rangi moja, kijivu. Ukisimama nyuma ya rafu unaona kijivu kinashuka ukutani, kijivu kinaingia kwenye mashine, kijivu kinapotelea chini ya zulia, na hakuna hata mmoja unaokuambia unakwenda wapi.

Fundi nilikuwa mie. Nilijifunza simu nikiwa serikalini, nikapunguzwa kazi na wenzangu, nikashukuru Mungu kupata pa kujishikiza. Nilianza na vibandiko vya karatasi. Kiyoyozi chetu kilikuwa kinafanya kazi kikijisikia, joto la Dar likalainisha gundi, asubuhi nakuta vibandiko vyote vimelala sakafuni. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya waya wenyewe, jasho la mikono likafuta. Nikachoka. Kila laini ikisumbua ilikuwa lazima nipige magoti nyuma ya rafu, nivute waya mmoja mmoja, nipige kelele, "Taa imezima huko?" na mtu wa mbele anajibu, "Ipi?"

Wakati huo nilikuwa nakaa Tandika kwa shangazi yangu, fundi cherehani. Chini ya cherehani yake hapakosekani mabaki ya nguo: nyeusi za mabuibui, nyeupe za kanzu, nyekundu za bitana ya majoho ya kwaya, maana shangazi hakuwa na ubaguzi, alishonea msikiti na alishonea kanisa. Siku moja nikabeba mfuko mzima mpaka kazini. Nyeupe nikazifunga kwenye nyaya za humu ndani, za kwenda mezani. Nyeusi kwenye laini za simu wanazopigia wateja. Nyekundu kwenye laini ya kukodi, ile ya kutuunganisha na mjini, na kutoka mjini na dunia nzima, ambayo ikikatika sote tumekwisha. Halafu nikapiga mafundo kwenye kila kitambaa: waya wa kwanza fundo moja, wa pili mawili, hivyo hivyo, mwanzo wa waya na mwisho wake. Ungenifunga macho ningekutajia kila waya kwa vidole. Nilijivuna, kwa nini niseme uongo?

Sasa we fikiria. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Zimepigwa mafundo. Zimefichwa nyuma ya mashine ambako hakuna mwanga. Mtu yeyote aliyekulia nchi hii anajua akiona kitu kama hicho atafikiria nini. Mie sikufikiria, kwa sababu mie nilikuwa naona nyaya.

Hapo ofisini palikuwa na mama mmoja wa makamo, mtu wa Pwani, mkaazi wa Boko, aliyekuwa anatupikia chai. Alikuwa na binti mmoja tu, msichana mkubwa wa kuolewa, ambaye tangu utotoni mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa. Akitembea hatua chache anachutama kutafuta pumzi. Wafadhili wakampatia nafasi ya kupasuliwa India, bure, na mjomba wake, mdogo wake huyo mama, akakubali kumsindikiza. Mama hakutaka kabisa. "Wakampasue mwanangu kifua ugenini? Akinifia huko namzika nani mie?" Watu wakamsihi, akanuna. Siku ya safari hakwenda uwanja wa ndege, na binti akaondoka bila radhi ya mama yake.

Kwa watu wetu hilo si jambo dogo. Mtoto haingii kwenye jambo la hatari mpaka mama atamke kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Akishatamka, hata likitokea baya, umekwenda na radhi. Asipotamka, kila kitu kina walakini, na wewe mwenyewe moyo haukupi.

Mjomba alikuwa anatuandikia imeili kutoka kiduka kimoja karibu na hospitali. Namba ya simu ya hospitali hatukuwa nayo, ya wodi ndiyo kabisa, tulichokuwa nacho ni anwani ya hicho kiduka. Mie nilikuwa nachapisha barua zinazokuja, namsomea mama jikoni huku anasuuza vikombe. Amefika salama. Amepimwa. Anakula wali wao lakini analalamikia pilipili. Mama anasikiliza, halafu ananiambia, "Wajibu kwamba nawasalimu." Basi. Hakuna neno zaidi. Nilikuwa namwona anakunja ile karatasi na kuitia kifuani, sasa huo ubishi ulikuwa wa nini, sijui.

Wakati huo huo kampuni ilikuwa inayumba. Radi ilituunguzia modemu, wateja wawili wakubwa wakahamia kwa washindani wetu mjini, mkurugenzi akagonga gari. Akamleta kaka yake mkubwa, mstaafu kutoka bara, awe msimamizi wa ofisi. Mzee mwenye heshima zake, shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu. Wiki yake ya kwanza alizunguka kila chumba mikono nyuma, akifika kwangu anachungulia nyuma ya rafu, anaguna. "Binti," akaniuliza, "hivi vitambaa ni vya nini?" Nikamwambia ni alama, mzee wangu. Akasema, "Alama. Haya." Akaondoka. Nikajua yameisha.

Jumamosi mchana ikaja barua, safari hii siyo ya mjomba. Binti mwenyewe ndiye aliyeandika. Aliandika kwamba Jumatatu mchana wanamwingiza chumba cha upasuaji, na kwamba haogopi kisu, anaogopa kuingia hivi hivi. "Mama, naomba radhi yako. Mjomba atakuja hapa dukani kuangalia jibu asubuhi na tena kabla sijaingia. Ukiniridhia naingia. Usiponiridhia siingii, nitarudi nyumbani kwako." Mama alikuwa ameshika birika, akalirudisha juu ya jiko.

"Niandike nini, mama?" nikamuuliza.

"Usiandike kitu."

"Mama, jamani, mtoto anangoja neno."

"Nimesema usiandike." Akachukua mtandio wake akaenda zake Boko, birika akaliacha hapo hapo na moto chini. Nilizima jiko nikafunga ofisi.

Jumatatu alfajiri nilimkuta getini. Kabla sijamwamkia alinishika mkono, macho yamevimba, na kwa jinsi alivyonishika nilijua lililomleta. Jumapili nzima alikuwa anasali na kulia, akaniambia, na majirani walikuja kumsema mpaka akatia akili. "Andika, mwanangu. Andika: nimekuridhia dunia na akhera. Ingia, mama yako niko nyuma yako. Andika sasa hivi." Saa za kule zinatangulia za kwetu, mchana wao unatukuta sie bado asubuhi. Lakini muda ulikuwepo. Wallahi ulikuwepo, kuandika mistari miwili na kuituma ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Tukafika mlango wa chumba cha mashine, nikakuta kufuli jipya. Pembeni uani kulikuwa na majivu, chumvi ya mawe imemwagwa kuzunguka, na kwenye majivu kipande cha kitambaa chekundu hakikuungua chote. Sikuhitaji kuambiwa.

Msimamizi akatokea ametulia kabisa, kama mtu aliyefanya kazi nzuri Jumapili yake. "Tusubiri mkurugenzi," akasema. "Kuna kikao."

"Mzee, nifungulie kwanza, kuna barua ya haraka, mtoto wa mama huyu yuko hospitali."

"Ndiyo maana tunataka kikao. Mashine hizi zilikuwa zimefungwa, binti. Mimi nimezifungua. Tujue kwanza nani aliyezifunga, na kwa nini, ndipo aingie tena humo ndani."

Khaa! Nilipiga kelele mpaka mafundi wa gereji wakatoka chini ya magari. Nikasema ni alama, ni mabaki ya kwa shangazi, nendeni Tandika mkaulize. Nikaona nyuso zinanitazama: mhasibu, dereva, mlinzi, watu niliokula nao kila siku. Hakuna aliyesema mchawi. Kila niliyemgeukia aliangalia chini tu. Mkurugenzi alipofika, msomi yule, mtu aliyesoma Ulaya, aliniita ofisini kwake akafunga mlango akaniambia kwa upole, "Mie siamini mambo haya, unanijua. Lakini kaka ni kaka, na wafanyakazi wameshatishika. Tukae, tuyamalize, kila mtu awe na amani."

Tukakaa. Viti vikaletwa, kikao kikafunguliwa kwa dua, na huku mama wa chai amesimama mlangoni kashika mtandio wake kwa mikono miwili. Nilieleza nyeupe ni nini, nyeusi ni nini. Msimamizi akauliza kwa nini mafundo. Nikaeleza mafundo ni namba. Akauliza kwa nini nisiandike namba kama watu wengine. Nikaeleza jasho na gundi. Mhasibu akauliza, kwa nini nyekundu? Nikasema kwa sababu ya kwaya! Wakacheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichoniokoa, vinginevyo nadhani tungekuwa tumekaa hapo mpaka leo. Mkurugenzi akanishukuru kwa ushirikiano, akampa kaka yake neno la mwisho, kaka mtu akasema kama ni hivyo yeye hana kinyongo, alichofanya amefanya kwa ajili ya mdogo wake. Ndipo nikapewa ufunguo.

Ningependa kusema niliingia nikarekebisha. Mwenzangu, niliingia nikakuta hakuna pa kuanzia. Mafundo yangu nilikuwa nayakaza hasa, sasa yule mzee, kwa kuwa hayakufunguka, alichomoa nyaya kutoka kwenye mashine apate kuyavuta, halafu akazirudisha popote penye tundu linalotosha. Hakuna hata waya mmoja uliobaki mahali pake. Kijivu juu ya kijivu. Laini za simu zimeingia kwenye mashine za mezani, za mezani zimeingia ukutani, taa za modemu nyingine zimezima, nyingine zinawaka bila kufanya kitu.

Niliketi mbele ya seva nikaandika maneno ya mama kwanza, neno kwa neno, nikayatuma. Kwenye kioo ikasema barua inasubiri. Yaani iko tayari, imesimama mlangoni, na njia ya kutokea haipo. Mama akauliza, "Imekwenda?" Nikamwambia bado kidogo.

Nikachukua betri ya tochi na balbu ndogo, nikamwomba dereva asimame kwenye sanduku la laini ukutani na mie nikapiga magoti nyuma ya rafu. Unaunga betri huku, ukiona balbu inawaka kule basi huo ndio waya wenyewe. Huu? Hapana. Huu? Hapana. Huu umewaka, lakini ni wa simu ya mhasibu. Kila waya niliokuwa naushika nilikuwa nina hakika ndio huo. Nilijua laini ya kukodi inaingilia sehemu ipi ya ukuta, na nyaya za sehemu hiyo nilizijaribu zote, na hakuna uliowasha balbu. Nikazirudia zote. Hakuna. Nikaanza kulia kwa hasira, nikimtukana yule mzee kimoyomoyo kwa matusi ya Tandika yote ninayoyajua.

Nikatoka mbio kwa mkurugenzi. Nikamwambia tumtume mtu mjini kwa wale washindani wetu, watutumie hii barua moja tu, mistari miwili. Akanitazama kama nimemtaka nguo yake ya mwilini. "Tuende kwao tukawaambie mashine zetu zimekufa? Kesho hatuna mteja hata mmoja. Jitahidi, wewe ni fundi mzuri." Nikarudi kwenye magoti yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha kikao, mahali pale pale kilipoachwa, midomo inasoma dua. Hakuniuliza tena kama imekwenda.

Baadaye, jua limeshasimama kichwani, mkurugenzi alipitia mlangoni, akamwona yule mama alivyokaa, na ndipo alipomwambia dereva achukue gari aende mjini. Dereva akaondoka na karatasi. Mie nikaenda kwa msimamizi, nikakaa mbele yake sakafuni, nikamwambia shikamoo upya kana kwamba sijamwona siku hiyo. "Mzee wangu, ile nyekundu. Uliifanyaje ile nyekundu?"

Akasema, pole pole, kwamba ile nyekundu ilikuwa nzito kuliko zote, aliiogopa hata kuigusa. Hakuivuta. Aliikata na waya wake, juu na chini ya fundo, akachoma kipande chote, kisha akasokota ncha kwa ncha kama anavyofanyaga kwa redio yake, akazungushia plasta na kusukumia ndani ya bomba la plastiki ukutani, isionekane. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Alifikiri ameunga.

Nilibandua lile bomba kwa bisibisi. Mle ndani nyuzi zilikuwa zimesokotwa zote pamoja, fungu moja, zinagusana, ndiyo maana hakuna kilichokuwa kinapita. Nikazitenganisha, nikaziunga kila moja na mwenzake, kwa haraka mpaka nikajikata. Taa ya modemu ikawaka, ikacheza, ikatulia. Barua ya mama ikatoka. Niliiona inatoka. Na kwa kuwa njia sasa ilikuwa wazi kwa pande zote, zilizokuwa zinatusubiri mjini nazo zikaanza kuingia.

Zilikuwa mbili za mjomba. Ya kwanza ya asubuhi yao: "Dada, sijakuta jibu. Nitarudi. Tafadhali sema neno." Ya pili: "Dada, nimerudi, hakuna. Nimemwambia labda mitambo, akasema mama tunamjua, mama akikataa hagombi, ananyamaza. Amekataa kuingia, ameweka sahihi mwenyewe. Mie siwezi kumlazimisha mtoto wa mtu bila radhi ya mama yake. Nafasi amepewa mgonjwa mwingine. Tunarudi na ndege ya kwanza. Sitakuja tena hapa dukani." Mama aliniambia nisome tena. Nikasoma tena. Dereva alirudi na karatasi yake akasema washindani wetu wamefunga kwa chakula cha mchana.

Tuliandika barua nyingine, na nyingine, zikaenda zote kwenye kiduka kile, na hakuna mtu aliyekwenda kuziangalia. Wafadhili wakasema aliyekataa amekataa, foleni ni ndefu, wengine wanangoja. Mama alimpigia magoti mkurugenzi, mkurugenzi akaandika barua nzuri yenye nembo ya kampuni, na haikusaidia. Msimamizi hakujua hata kama kuna kitu kimetokea, na mie sikumwambia, ningemwambia nini? Alikuwa bado ananiulizia hali ya shangazi.

Boko nilikwenda mara mbili. Ya pili ilikuwa msiba, na hiyo siisimulii. Ya kwanza ilikuwa wiki chache baada ya binti kurudi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, mito miwili mgongoni, miguu imevimba, lakini mchangamfu, anataka habari zote za mjini. Alikuwa kama watu wanavyokuwa wakishaamua jambo. Mama alikuwa kwenye kibao chake karibu naye, anamenya muhogo.

"Dada, ungeona mjomba alivyonibembeleza," binti akaniambia. "Na madaktari walivyonikasirikia! Mie nikawaambia, mama yangu amenyamaza, maana yake ameshasema. Nilishaondoka mara moja bila radhi yake, ya pili nisingeweza." Alicheka, kicheko kikamkata pumzi, tukangoja mpaka ilipomrudia. Akamgeukia mama yake. "Si nilikuelewa, mama?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniangalia, mara moja tu, nikaufunga.

"Ulinielewa, mwanangu," akasema. "Ulinielewa vizuri." Kisha akachukua muhogo mwingine akaendelea kumenya.